Kijani Kilichojulikana: Dhidi ya Kisingizio cha Kutojua

Maelezo mengi ya siku hizi kuhusu rangi za kijani zilizotengenezwa kwa aseniki katika karne ya 19 yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba watu wa zama zile hawakujua walichokuwa wakikibandika ukutani, wakikivaa na kuwapa watoto wao kuchezea. Msomaji huonyeshwa gauni la kijani ndani ya kabati la kioo, huelezwa kwamba lilibeba sumu, kisha huachwa awahurumie wazee wale kwa ujinga wao na ashukuru kwamba yeye amezaliwa baada yao. Makala haya yanapinga dhana hiyo, kwa sababu si kweli na kwa sababu inawasamehe watu ambao hawakustahili kusamehewa kwa hoja hiyo.

Ni haki kuieleza dhana hiyo kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema, kwanza, kwamba kemia ilikuwa changa, na kwamba aseniki, elementi inayochimbwa mara nyingi pamoja na shaba na bati, ilikuwa kila mahali, hata kwenye chupa za dawa zilizoandikwa na madaktari wenyewe, hivyo hakuna aliyeweza kuitilia shaka ndani ya rangi. Wanasema, pili, kwamba walioathirika zaidi walikuwa wapenda fahari, yaani mabibi waliocheza dansi wakiwa na mashada ya majani bandia vichwani, na matajiri waliolala katika vyumba vya kijani, akiwemo Napoleon mwenyewe, ambaye inadaiwa aliuawa na gesi iliyotoka ukutani. Wanasema, tatu, kwamba sayansi ilipogundua hatari hiyo, jamii iliiacha rangi hiyo na mambo yakaisha. Ndani ya maelezo hayo mna chembe za ukweli: aseniki ilikuwa dawa kweli, dalili za sumu yake zilifanana na za kipindupindu, na madaktari hawakukubaliana. Hata hivyo, hoja zote tatu zikipimwa kwa tarehe na kwa mikono ya waliofanya kazi, hazisimami.

1. Kwamba hawakujua

Rangi ya kwanza kati ya hizo ilitengenezwa mwaka 1775 na mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele. Njia yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba karakana yoyote yenye masufuria mawili ingeweza kuifuata: aseniki nyeupe, ambayo ndiyo ile sumu ya panya ya kale, iliyeyushwa kwa potasi ndani ya maji ya moto, mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, uliyeyushwa katika chombo kingine, kisha maji hayo mawili yalichanganywa polepole huku yakikorogwa, na unga wa kijani ukatuama chini. Ulipooshwa na kukaushwa kwa moto wa taratibu, unga huo ndio uliokuja kuitwa kijani cha Scheele. Mtu aliyeutengeneza aliishika aseniki kwa mkono wake mwenyewe, na haiwezekani kudai kwamba hakujua imo. Wala Scheele hakudai. Mwaka 1777, kabla ya kuichapisha njia yake mwaka 1778, alimwandikia mwenzake kwamba anaona watumiaji wanapaswa kuelezwa kuwa rangi hiyo ni sumu.

Mwaka 1814, katika mji wa Schweinfurt huko Bavaria, Wilhelm Sattler na Friedrich Russ walipata kijani kingine kilichong'aa zaidi na kudumu zaidi, kwa kuziongezea aseniki na shaba asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Kiliitwa kwa majina mengi, yakiwemo kijani cha zumaridi na, baadaye, kijani cha Paris. Njia ya kukitengeneza ilichapishwa mwaka 1822, na tangu hapo hakuna mtengenezaji aliyeweza kusema kwamba alinunua kitu asichokijua, kwa kuwa karibu asilimia 44 ya uzito wa unga huo ni aseniki. Takwimu hii inastahili kutazamwa vizuri: katika kila gramu 100 za rangi iliyopakwa kwenye karatasi ya chumba cha mtoto, gramu 44 zilikuwa elementi ambayo kiasi chake cha kumuua mtu mzima, kikiwa aseniki nyeupe, hakijazi ncha ya kisu.

Mwaka 1836 mwanakemia James Marsh alichapisha kipimo kilichoweza kuonyesha hata chembe ndogo kabisa ya aseniki, na mwaka 1839 Leopold Gmelin, mwanakemia wa Heidelberg, alitoa onyo gazetini kwamba vyumba vyenye unyevu vilivyobandikwa karatasi za kijani vilinuka kama panya na viliwadhuru wakaao ndani, akataka rangi hizo zipigwe marufuku. Hata mtu wa kawaida alikuwa na namna ya kuitilia shaka karatasi yake: tone la maji ya amonia likiwekwa juu ya kijani hicho hugeuka buluu, kwa sababu amonia huvuta shaba iliyomo, na penye kijani cha shaba palikuwa na sababu nzuri ya kuiogopa aseniki. Tangu Scheele alipoandika barua yake hadi msichana Matilda Scheurer, mtengenezaji wa majani bandia, alipofariki London, tukio ambalo husimuliwa kana kwamba ndilo lililoizindua dunia, ilipita miaka 84.

2. Kwamba walioumia ni wapenda fahari

Hapa ndipo dhana inayopingwa inapofanya dhuluma kubwa zaidi, kwa maana inamtazama aliyevaa na kumsahau aliyetengeneza. Ili kuelewa tofauti hiyo, inabidi kuingia karakanani. Jani bandia la karne ya 19 lilikuwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwa umbo la jani halisi, na kulikuwa na njia mbili kuu za kulipa rangi. Katika njia ya kwanza, unga wa kijani ulichanganywa na maji na wanga hadi ukawa uji mzito, ukapakwa kwenye kitambaa kwa viganja vitupu na kupigwapigwa hadi uingie ndani ya nyuzi, kisha kitambaa kikatandazwa kwenye fremu za mbao zenye misumari ili kikauke. Misumari ilichoma vidole, na rangi ikaingia moja kwa moja ndani ya vidonda. Katika njia ya pili, jani lililokwisha kuchovywa ndani ya nta lilinyunyiziwa unga mkavu kwa vidole ili lipate ule umande wa kijani uliopendwa na wanunuzi. Unga uliokosa kushika juu ya jani uliruka, ukatua juu ya meza, juu ya nywele, juu ya mkate wa mchana, na ndani ya pua.

Daktari wa Ufaransa, Maxime Vernois, alizikagua karakana za namna hiyo mjini Paris na kuchapisha matokeo yake mwaka 1859, akiambatanisha michoro ya rangi ya mikono ya wafanyakazi: kucha zenye ukingo wa kijani, vidonda vya mviringo vilivyochimbika kama vimetobolewa kwa patasi, na ngozi iliyokufa katikati ya vidole. Alieleza pia kwamba vidonda vilihamia popote mikono ile ilipogusa, yaani puani, mdomoni na sehemu za siri. Michoro hiyo ilichapishwa katika jarida la afya ya umma ambalo madaktari wa Ulaya walilisoma, miaka miwili kabla ya Novemba 1861, mwezi ambao Matilda Scheurer alifariki London akiwa na umri wa miaka 19.

Scheurer alifanya kazi ya kunyunyizia majani unga katika karakana iliyoajiri watu wapatao mia moja. Alikuwa ameugua mara kadhaa kabla ya ugonjwa wake wa mwisho, akatibiwa, akarudi kazini, akaugua tena. Siku zake za mwisho alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani, na akamwambia daktari kwamba kila alichokitazama kilionekana kijani. Mwili wake ulipochunguzwa, aseniki ilikutwa tumboni, kwenye ini na mapafuni. Kitu kinachopaswa kumshtua msomaji hapa ni kule kurudi kazini baada ya kuugua. Binti huyo hakuhitaji kuelimishwa kwamba unga ule unamdhuru. Mwili wake ulikwisha kumfundisha mara nyingi kuliko mwanakemia yeyote. Alichokosa ni mshahara mwingine.

Februari 1862 mwanakemia August Wilhelm Hofmann alichapisha barua katika gazeti la The Times akionyesha kwamba shada moja la kichwani lilikuwa na aseniki ya kutosha kuwatia sumu watu 20. Mwezi huohuo jarida la vichekesho la Punch likachora mifupa miwili ya binadamu, wa kiume ukiinama mbele ya wa kike kuuomba dansi. Kuanzia siku hiyo macho yalielekea kwenye ukumbi wa dansi na yamebaki huko hadi leo. Bibi aliyevaa gauni la kijani kwa saa nne aliweza kupata vipele mabegani. Msichana aliyelitengeneza shada lake alikaa ndani ya vumbi hilo tangu asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki. Kuwaweka wawili hawa katika kundi moja la wahanga wa mitindo, na kisha kumpa yule wa kwanza picha na hadithi, ni kugeuza kichwa kuwa miguu.

Vivyo hivyo kwa waliochimba na kuchoma. Aseniki haikuwa bidhaa ghali iliyosafirishwa kutoka mbali; ilikuwa mabaki ya migodi ya shaba na bati, yaliyokuwa yakitupwa mpaka viwanda vya rangi, vioo na viuatilifu vilipoanza kuyanunua. Katika mgodi wa Devon Great Consols, kusini-magharibi mwa Uingereza, mawe yenye madini yalichomwa, moshi ukapitishwa katika mashimo marefu ya matofali, na aseniki nyeupe ikaganda kutani kama masizi. Wanaume waliingia humo kuikwangua, wakiwa wameziba pua kwa pamba na kujipaka udongo usoni. Mtu asiyejua hazibi pua. Katika mgodi huo familia ya William Morris, msanifu mashuhuri wa karatasi za ukutani, ilikuwa na hisa, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Karatasi zake za awali zilitumia kijani cha aseniki, na mwaka 1885, karne nzima baada ya onyo la Scheele, Morris aliandika katika barua kwamba madaktari waliolalamikia karatasi za aseniki walikuwa wamepagawa kama watu walioshikwa na homa ya kuwinda wachawi. Hakukosa taarifa. Alikuwa nazo na akazikataa.

3. Kwamba gesi ya ukutani ilimuua Napoleon

Hoja hii inapendwa mno kwa sababu inaunganisha mtu mkubwa, kisiwa cha mbali na muuaji asiyeonekana. Msingi wake ni huu: karatasi yenye kijani cha aseniki ikipata unyevu, ukungu hustawi kwenye gundi yake ya wanga, na baadhi ya aina za ukungu hubadilisha aseniki kuwa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu. Bartolomeo Gosio wa Italia alilionyesha hilo miaka ya 1890, na Frederick Challenger wa Leeds akaitambua gesi hiyo miaka ya 1930. Kipande cha karatasi kutoka Longwood, nyumba aliyofungiwa Napoleon katika kisiwa cha St Helena, kilipimwa miaka ya 1980 na kukutwa na aseniki.

Lakini watafiti wa Italia walipopima nywele zake mwaka 2008, walikuta kwamba zile za utotoni Corsica, zile za uhamishoni Elba na zile za siku ya kifo chake tarehe 5 Mei 1821 zilikuwa na aseniki ya viwango vinavyokaribiana, na kwamba mkewe na mwanawe nao walikuwa na viwango vya namna hiyo, takriban mara 100 ya vile vya mtu wa leo. Tumbo lake lililopasuliwa lilikuwa na kidonda kilichoelekeza kwenye saratani. Kuhusu gesi yenyewe, uchambuzi wa watafiti Cullen na Bentley wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba sumu yake imetiwa chumvi mno katika masimulizi. Njia iliyo wazi zaidi ya kuumia ilikuwa vumbi: karatasi iliyochakaa, iliyopanguswa, au iliyolambwa na mtoto.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Gesi ni fumbo la maabara ambalo lilisubiri wataalamu, na kwa hiyo inamtetea mtengenezaji aliyesema kwamba hakuna aliyejua. Vumbi halikuwa fumbo. Lilionekana juu ya rafu na lilibaki kwenye kitambaa cha kupangusia.

4. Kwamba sayansi iligundua na jamii ikaacha

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1851 ilimtaka muuza duka amwandike kitabuni kila mnunuzi wa aseniki, apate sahihi yake, na kuitia aseniki hiyo masizi au nili ili isidhaniwe kuwa unga au sukari. Sheria hiyohiyo haikugusa aseniki iliyouzwa kwa jumla kwa viwanda. Mtu aliyetaka sumu kidogo ya panya alitia sahihi. Mtu aliyetaka kuta nne za chumba cha kulala zenye kiasi kikubwa kuliko hicho hakuulizwa jina. Bavaria ilichukua hatua dhidi ya rangi hizo miaka ya 1840 na Ujerumani nzima ikapitisha sheria mwaka 1887. Uingereza haikupata kuwa na sheria ya kuzipiga marufuku karatasi za aseniki.

Wala hakukosekana mbadala. Mwaka 1859 mwanakemia wa Ufaransa, Guignet, alipata hataza ya kutengeneza kijani cha kromi kisicho na aseniki, thabiti, kisichogeuka kuwa cheusi kikikutana na salfa kama kigeukavyo kijani cha zumaridi. Kilikuwa ghali zaidi. Tofauti ya bei hiyo ndiyo iliyolipwa na mikono aliyoichora Vernois.

Na rangi hiyo ya aseniki haikuachwa. Mwaka 1867, wakulima wa Marekani waliposhambuliwa na mdudu wa viazi wa Colorado, waliuchukua unga uleule wa rangi wakaunyunyiza juu ya majani, safari hii bila kificho, kwa kuwa sumu yenyewe ndiyo iliyotakiwa. Kijani cha Paris kikawa miongoni mwa viuatilifu vya kwanza vya kemikali kutumika kwa wingi mashambani. Kilipoanza kupoteza nafasi yake kwenye miti miaka ya 1890, sababu haikuwa afya ya mkulima wala ya mlaji. Sababu ni kwamba kiliunguza majani. Kilichochukua nafasi yake ni aseniki iliyounganishwa na risasi, ambayo haikuunguza majani kwa kiasi hicho na iliyoongeza sumu ya pili udongoni. Jani la mti lilisikilizwa haraka kuliko kidole cha Matilda Scheurer.

Mwaka 1921 watafiti Barber na Hayne walionyesha kwamba sehemu moja ya unga huo ikichanganywa na sehemu 100 za vumbi na kurushwa juu ya maji, huua viluwiluwi wa mbu wa malaria, kwa sababu viluwiluwi hao hula vinavyoelea juu ya maji. Kwa njia hiyo mtaalamu wa kupambana na malaria, Fred Soper, na maelfu ya vibarua walimwondoa nchini Brazil, kufikia mwaka 1940, mbu aina ya Anopheles gambiae, ambaye ni mbu wa Afrika aliyevuka bahari na kugunduliwa Natal, nchini humo, mwaka 1930. Na kazi kama hiyo ilimalizika Misri mwaka 1945. Hapa si mahali pa kubisha kwamba malaria ilistahili kupigwa vita. Kinachobishwa ni madai kwamba karne ya 20 ilikuwa imekwisha kuiacha rangi hiyo kwa kuwa iliijua, ilhali iliitumia kwa kuwa iliijua.

5. Kwamba ni habari za zamani

Tangu mwaka 2018, maktaba ya chuo kikuu kimoja kusini mwa Denmark ilipokuta aseniki kwenye majalada matatu ya kale, na hasa tangu jumba la makumbusho la Winterthur, Marekani, lianze mwaka 2019 kupima vitambaa vya majalada ya kijani ya karne ya 19, wakutubi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakivitenga vitabu hivyo na kuvishika kwa glavu. Hatua hiyo ni sahihi. Lakini magazeti huiandika kama ugunduzi, na ugunduzi ukisharudiwa mara ya kumi huficha kwamba mchapishaji wa kwanza alikinunua kitambaa hicho kutoka kwa mtu aliyekijua.

Shaba na aseniki bado zinasafiri pamoja. Mwaka 1933 mhandisi wa India, Sonti Kamesan, alivumbua dawa ya mbao yenye shaba, kromi na aseniki, ambayo husukumwa ndani ya mti kwa mgandamizo ndani ya tangi la chuma ili mchwa na ukungu wasiuharibu. Mbao inayotoka humo huwa na kivuli cha kijani. Mwishoni mwa mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani, na Umoja wa Ulaya ukaibana mwaka 2004. Afrika Mashariki bado inaitumia kwa nguzo za umeme za mikaratusi na misonobari, zile zinazosimama kando ya barabara kutoka mjini hadi kijijini. Nguzo iliyosimama huishikilia sehemu kubwa ya aseniki yake ndani ya nyuzi za mti. Ikichomwa, sehemu ya aseniki huondoka na moshi na sehemu nyingine hubaki kwenye majivu. Nguzo iliyong'olewa na kukatwa vipande hufanana, baada ya jua na mvua za miaka mingi, na gogo lolote lile. Ukijani umefifia, mti umekauka vizuri na unawaka vizuri. Aliyeutia dawa kiwandani anajua kilichomo ndani yake; mama anayeuinua kutoka kando ya barabara ili akapikie hakuambiwa.